Kazini Wanasema Nguo Zangu Zinanuka Viungo na Udi: Je, Niache Kupika Chakula cha Kwetu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Unguja, na kwa miaka kadhaa sasa ninaishi Göteborg, Uswidi, pamoja na mume wangu ambaye kwao ni Bukoba. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kazi hii ninaipenda, kwa sababu nimelelewa na bibi yangu na ninajua mzee anataka nini hata kabla hajatamka. Sikuwahi kupata onyo lolote mpaka mwezi uliopita, msimamizi wetu aliponiita pembeni, akafunga mlango na kunieleza kwa sauti ya chini kwamba baadhi ya wafanyakazi wenzangu, pamoja na ndugu wa mzee mmoja ninayemhudumia, wamelalamikia harufu yangu. Alisema ni harufu ya viungo na moshi. Akanikumbusha kwamba kazini kwetu watu wameombwa wasijipake manukato, kisha akaniuliza kama nyumbani kwangu yako maji ya moto ya kutosha kuogea.

Shangazi, sijui nikueleze vipi aibu niliyoipata. Nimekulia katika nyumba ambayo mtu hatoki mlangoni bila kuoga, na nguo za kutokea hufukizwa udi tangu jioni. Baada ya siku ile nimekuwa nikioga asubuhi, nikirudi kazini na kabla ya kulala; ninajisugua kwapa kwa ndimu mpaka ngozi inawasha, na juu yake ninapaka mafuta mazuri ili kuifunika harufu ambayo mimi mwenyewe siisikii. Pilau sijapika tena. Kitunguu thomu nimekitoa jikoni kabisa. Juzi nilijikuta ninakula viazi vya kuchemsha na siagi huku machozi yananitoka.

Jambo limeingia hata kwa binti yangu mwenye umri wa miaka 13. Alirudi kutoka shule akasema wenzake wamemwambia koti lake linanuka mkahawa, na sasa anakataa kula nilichopika. Mume wangu anasema msimamizi ana haki, kwamba kwao ndizi huchemshwa tu na hakuna habari za chetezo, na kwamba tukiwa Ulaya tufuate ya Ulaya.

Mwisho, tangu mwanzoni mwa mwaka ninakunywa maji ya uwatu kila asubuhi, kwa sababu mama mdogo aliniambia yanashusha sukari, na hapo nyuma niliwahi kuambiwa sukari yangu iko juu kidogo. Nimegundua kwamba jasho na mkojo wangu vinanukia kama sukari iliyoungua. Je, huu ni ugonjwa? Ni kweli kwamba chakula chetu kinatokea kwenye ngozi? Niache udi? Na huyu msimamizi nimjibu nini?

Mama wa Wawili, Göteborg

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na lile swali la maji ya moto, kwa sababu naona ndilo lililokuchoma kuliko mengine yote. Halikustahili kuulizwa. Mtu anaweza kuwa ameoga sasa hivi, ngozi yake safi kabisa, na bado akaingia kazini na jiko zima ndani ya sufi ya koti lake. Na mtu mwingine anaweza kukaa siku tatu bila kugusa maji na asilalamikiwe na yeyote, kwa sababu harufu yake inafanana na ya wale waliomzunguka. Usafi na harufu ni mambo mawili, na msimamizi wako aliyachanganya. Hata hivyo, mwanangu, sitakuambia kwamba malalamiko yenyewe ni ya uongo. Nikiyasoma maelezo yako yote, naona kuna uwezekano mkubwa kwamba harufu ipo kweli, isipokuwa haipo pale unapojisugua.

Jasho la mwili kwa sehemu kubwa ni maji na chumvi, wala halina harufu ya kutajika. Harufu ile tunayoiita kikwapa hutokana na tezi za aina nyingine, zilizo hasa kwapani na sehemu za siri, ambazo hutoa majimaji mazito kidogo yenye mafuta na protini. Hata haya yakiwa mabichi hayanuki. Ni bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kwapa ambao huyavunjavunja na kutoa zile asidi na chembechembe za salfa zinazosikika. Kwa hiyo kikwapa hakianzii kwenye sufuria. Ni jambo la tezi, bakteria na urithi. Na kwa upande wa urithi, mwaka 2006 watafiti wa Japani walieleza badiliko katika jeni moja, ABCC11, ambalo huwafanya watu wengi sana wa Asia ya Mashariki, na Wakorea karibu wote, wawe na nta kavu ya masikio na harufu hafifu mno ya kwapa. Badiliko hilo ni adimu kwa Wazungu na karibu halipo kabisa kwa Waafrika. Maana yake ni kwamba wewe na hao wenzako wa kazini, kwa jambo hili, mmeumbwa sawa, na kila mmoja wenu anahitaji sabuni kwapani.

Sasa, je, chakula hakipiti kabisa kwenye ngozi? Kinapita, lakini kwa njia ndogo na kwa vyakula vichache kuliko watu wanavyodhani. Kitunguu thomu ni mfano ulio wazi zaidi. Kikipondwa na kuliwa, moja ya chembechembe zake za salfa haivunjwi upesi tumboni wala kwenye ini, huingia katika damu, na kutoka humo hutokea mapafuni pamoja na pumzi, na kwa kiasi fulani kwenye ngozi na mkojo, kwa muda unaoweza kufikia siku nzima. Ndiyo maana kupiga mswaki hakumalizi harufu ya thomu, ilhali tufaha bichi, majani ya mnanaa au gilasi ya maziwa vikiliwa pamoja na chakula hicho husaidia kwa kiasi cha kuonekana. Wazee wetu hawakuhitaji maabara kuyajua haya: tumefundishwa katika hadithi ya Mtume, rehema na amani zimfikie, kwamba aliyekula kitunguu thomu au kitunguu asiukaribie msikiti, ili asiwaudhi wenzake. Chakula hakikuharamishwa, mtu alielekezwa tu aangalie wakati wa kukila na mahali anapokwenda baada ya kukila. Huo ndio mwongozo ambao ningependa uushike badala ya kukitupa kitunguu thomu nje ya jiko lako.

Tena liko jambo litakalokushangaza. Watafiti wa Chekia na wa Uingereza walichapisha mwaka 2016 majaribio ambayo wanaume walikula kitunguu thomu kibichi, wakavaa vitambaa kwapani, kisha wanawake wakavinusa bila kujua ni vya nani. Waliokula gramu 12 walisemwa kuwa na harufu ya kwapa inayopendeza zaidi kuliko walipokuwa hawakula. Miaka 10 nyuma, kundi hilohilo la Chekia lilikuwa limewalisha wanaume 17 chakula chenye nyama nyekundu kwa wiki mbili, na katika awamu nyingine chakula kisicho na nyama, na harufu ya miili yao bila nyama ikapendwa zaidi. Ni majaribio madogo na sikuambii uyajengee maisha. Ninayataja kwa sababu unakula viazi na siagi ukilia, ukiamini kwamba mlo wa wenyeji ndio usio na harufu, wakati nyama, siagi na jibini navyo vina harufu zake. Wajapani walipoanza kukutana na Wazungu kwa wingi katika karne ya 19, waliwalalamikia kwamba wananuka siagi.

Kwa hiyo harufu hii ya viungo na moshi inatoka wapi? Naamini inatoka kwenye nguo na nywele zako. Unapokaanga kitunguu, bizari nzima na mdalasini kwa mafuta, matone madogo sana ya mafuta huruka pamoja na mvuke, yakibeba harufu ya viungo, na hutua juu ya kila kitu kilicho karibu. Unguja jiko liko uani au madirisha yako wazi, upepo wa bahari unachukua sehemu kubwa. Göteborg mwezi wa Januari madirisha yamefungwa, makoti ya sufi yametundikwa kwenye ujia hatua chache kutoka jikoni, na koti ni nguo inayofuliwa kwa nadra kuliko zote. Sufi hunyonya harufu upesi. Poliesta nayo ina tabia yake: mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent walilinganisha fulana za pamba na za poliesta baada ya mazoezi, wakakuta za poliesta zinanuka vibaya zaidi, kwa sababu bakteria wanaotoa harufu kali hustawi vizuri juu yake. Kama sare yenu ya kazi ni ya kitambaa hicho, hata kuoga mara tano hakutasaidia ikiwa fulana ya jana inavaliwa tena leo.

Na udi, mwanangu, ndio unaodumu kuliko vyote. Ule mti hutengeneza utomvu wake wenye harufu unaposhambuliwa na kuvu, na mafuta ya utomvu huo ni mazito, hayaruki upesi. Ndiyo maana tunaupenda, kwa kuwa nguo iliyofukizwa leo bado inazungumza siku kadhaa baadaye. Udi wetu wa nyumbani, unaopikwa kwa sukari, msandali na mafuta mazuri, ndio kabisa. Ukichanganya moshi huo na mvuke wa bizari ndani ya koti moja, mtu asiyekulia na chochote kati ya hivyo hataweza kuvitenganisha. Atasikia kitu kimoja kikubwa asichokijua, na atasema ni harufu yako.

Wewe huisikii kwa sababu pua huacha kutambua harufu inayokaa nayo muda wote. Hili ni umbile la pua za watu wote, na kila nyumba ulimwenguni ina harufu ambayo wenyewe hawaisikii. Kwa sababu hiyohiyo mume wako si shahidi mzuri, ingawa anajiona hivyo, kwani analala katika hewa ileile unayolala wewe. Tafuta mwenzako mmoja wa kazini unayemwamini, umwombe akunusie koti na fulana kila kimoja peke yake, akuambie kipi kina nini. Au likae koti lako kwa rafiki kwa siku mbili tatu, kisha ulinuse ukitoka nje kwenye baridi.

Ninataka pia uelewe kwa nini harufu moja inakuwa heshima kwa hawa na udhia kwa wale, maana usipolielewa hili utaendelea kujiona wewe ndiye mwenye kasoro. Pwani yetu imejenga adabu nzima juu ya harufu: bibi harusi husingwa kwa singo, nywele huvishwa kikuba cha asumini, mrehani na langilangi, na mgeni wa maulidi hunyunyiziwa marashi ya waridi. Oman na nchi za Ghuba chetezo kikipitishwa mwisho wa mazungumzo, wageni wanajua kwamba wamekirimiwa na wakati wa kuaga umefika. Sudan mwanamke aliyeolewa hukaa juu ya moshi wa mti wa talhi, amejifunika, mpaka ngozi yake inashika rangi na harufu ambayo mumewe anaitambua. Wahimba wa Namibia hujifukiza kwa mitishamba na kuchanganya utomvu wenye harufu katika ule udongo mwekundu wanaojipaka. Katika desturi zote hizi mtu aliyejiandaa vizuri ni mtu anayesikika. Sehemu kubwa ya Uswidi ya leo inakwenda kinyume chake: mtu aliyejiandaa vizuri asisikike kabisa, hasa mahali pa kazi, na hospitali na vituo vingi vya afya huko huwaomba wafanyakazi na wageni wasije na manukato yoyote, kwa ajili ya wenye pumu na mizio. Hiyo ni adabu yao, na ina sababu ya kweli.

Lakini usidhani kwamba hawana pua za kwao. Hao hao wana samaki wa kaskazini aitwaye surströmming, heringi aliyechachushwa na kutiwa koponi, ambaye harufu yake ni kali kiasi kwamba kopo lake kwa desturi hufunguliwa nje ya nyumba, na wanaompenda humngoja kila mwaka mwishoni mwa Agosti. Ukienda duka lolote la mikate la Göteborg utakuta mikate mitamu ya hiliki, kwa sababu Waswidi ni miongoni mwa watu wa Ulaya wanaoipenda hiliki kuliko wengine; siku ya Lucia, tarehe 13 Desemba, hula mikate ya zafarani, na wakati wa Krismasi nyumba zao hunukia mdalasini na karafuu. Viungo ni vilevile mwanangu. Wao wamevizoea ndani ya sukari na unga, si ndani ya kitunguu na nyama. Na hayo manukato ya chupa yanayouzwa kwa bei kubwa katika maduka yao yana historia ndefu upande wetu: zabadi ya fungo wa Ethiopia ilipelekwa kwa watengenezaji wa manukato wa Ufaransa kwa miaka mingi, na mafuta ya langilangi ya Komoro bado yanatumika. Chanel No. 5, iliyotoka mwaka 1921, ina langilangi ndani yake. Sikuambii haya ili ukawasomee kazini. Nakuambia ili unapotembea pale uinue kichwa.

Sasa tuje kwenye la kufanya.

Ndimu iache leo. Asidi yake inaiumiza ngozi iliyosuguliwa au kunyolewa, na ikipigwa na jua huweza kuunguza na kuacha madoa meusi. Oga mara moja kwa siku, au mbili ukitaka, kwa maana kuoga kupita kiasi katika baridi ile kavu kunaipasua ngozi. Kwapa lioshwe kwa sabuni, likaushwe vizuri, kisha upake dawa ya kuzuia jasho isiyo na manukato, au upitishe jiwe la shabu lililoloweshwa maji, ambalo bibi yako bila shaka alilijua. Mafuta mazuri usiyapake juu ya jasho ukidhani yatalifunika. Manukato hayafuniki harufu ya mtu, huchanganyika nayo na kuzaa harufu ya tatu, na kazini kwenu hayo pekee yanatosha kuleta lalamiko.

Pika pilau yako. Ila kabla hujawasha jiko, makoti yote yaingie kabatini na mlango wa kabati ufungwe, mlango wa vyumba vya kulala ufungwe, na kile kifaa cha kuvuta hewa juu ya jiko kiwashwe tangu mwanzo hadi robo saa baada ya kumaliza, kichujio chake kikiwa kimeoshwa mafuta. Tenga dera au kanga ya kupikia tu na mtandio wa kufunika nywele, maana nywele hushika harufu kama sufi inavyoshika. Mambo ya kukaanga yawe ya siku ambazo kesho yake huingii kazini, au upike kingi ukigandishe. Siku nyingine kuna mchuzi wa nazi, samaki wa kupaka wa kuoka tanuri, maharage na mchicha, ambavyo havijazi nyumba moshi. Kitunguu thomu kirudi jikoni. Kipikwe, na kibichi uache kukila usiku wa kuamkia zamu.

Koti ulilonalo lipeleke kwa dobi mara moja, lisafishwe hasa, na baada ya hapo lisifukizwe tena. Sare ichukuliwe ndani ya mfuko uliofungwa na ivaliwe hukohuko kazini ikiwa inawezekana.

Kuhusu udi, sitakuambia uuache, na ningesikitika kama ungeuacha. Uchomwe siku za mapumziko, Ijumaa jioni, Idi, siku ya mgeni, dirisha likiwa wazi kidogo, kwa sababu moshi wowote unaovutwa ndani ya chumba kilichofungwa si mzuri kwa vifua vya watoto. Fukiza kanga zako, shuka na mitandio ya nyumbani, lakini nguo za kazini zisiguswe. Wale wazee unaowahudumia, baadhi yao vifua vyao ni dhaifu, na unawalaza na kuwainua ukiwa umewakaribia uso kwa uso. Kwa huruma uliyonieleza unayo kwao, najua hili hutalihitaji kusisitiziwa.

Msimamizi wako mwandikie au mwombe kikao kifupi, usimjibu koridoni. Mwambie kwamba umelichukulia jambo hili kwa uzito na umebadilisha namna ya kutunza nguo zako. Muulize kwa adabu kama harufu iliyolalamikiwa ni ya manukato, ya moshi au ya chakula, na kama sharti la kutotumia manukato linawahusu wafanyakazi wote kwa usawa, pamoja na wenye sabuni za nywele zenye marashi na wanaotoka kuvuta sigara. Mwambie pia, bila kupandisha sauti, kwamba swali la maji ya moto lilikuvunjia heshima. Ana haki ya kukutaka uje kazini bila manukato na bila moshi kwenye nguo. Hana haki ya kukusimamia unakula nini nyumbani kwako. Ikiwa baada ya hapo maneno yataendelea, na hasa yakianza kugusa asili yako, Uswidi ina sheria ya kupinga ubaguzi iliyoanza kutumika mwaka 2009, na wafanyakazi wengi wa kazi kama yako wako katika chama cha Kommunal, ambacho kinaweza kukusindikiza katika kikao. Weka kumbukumbu ya tarehe na maneno yaliyosemwa.

Binti yako ana miaka 13, na hapa nakuomba uwe mpole kuliko mahali pengine popote. Zile tezi za kwapa nilizozieleza huanza kazi wakati wa kubalehe. Mwili wake umeanza kutoa harufu ambayo hakuwa nayo mwaka juzi, na neno moja la darasani kuhusu koti limemfanya aamini kwamba chanzo ni mchuzi wa mama yake. Mkalishe peke yake umweleze tofauti ya kikwapa na harufu ya nguo, umnunulie dawa yake mwenyewe ya kwapani, umpe kabati la koti lake. Akitaka mlango wake ufungwe unapopika, ana akili. Ni jambo nililokushauri wewe mwenyewe. Usimlazimishe kula na usimwambie anadharau kwao. Ladha ya kwao anayo tangu tumboni: watafiti wa Philadelphia, Julie Mennella na Gary Beauchamp, walionyesha mwaka 1991 kwamba kitunguu thomu alichokula mama hubadilisha harufu ya maziwa yake baada ya saa chache, na kwamba watoto wachanga hawakuyakataa maziwa hayo, bali walikaa kwenye ziwa kwa muda mrefu zaidi. Atarudi sahanini mwenyewe.

Na mumeo, mwambie kwa mapenzi kwamba ulihitaji akusikilize kabla ya kukuhukumu. Kisha mpe kazi ya kusafisha kile kichujio cha jikoni.

Limebaki la uwatu, na hili ndilo lisilongoja. Harufu ya sukari iliyoungua unayoisikia ina maelezo rahisi: uwatu una kemikali iitwayo sotoloni, ambayo hupita mwilini bila kubadilika sana na kutokea kwenye jasho na mkojo. Inafanana mno na dalili ya ugonjwa mmoja adimu wa kurithi wa watoto wachanga, hata madaktari wamewahi kumshuku mtoto aliyezaliwa ananukia hivyo, kumbe mama yake alikuwa amekula uwatu karibu na kujifungua. Kwa mtu mzima anayeunywa kila asubuhi, harufu hiyo peke yake si ugonjwa. Lakini wewe uliambiwa sukari yako iko juu, na badala ya kupimwa tena umekuwa ukijitibu kwa dawa ya kienyeji inayoweza kweli kuishusha, kiasi kwamba huwezi kujua ulipo. Acha uwatu kwa wiki moja. Harufu ikitokana nao itaondoka. Wakati huohuo piga 1177, huduma ya ushauri wa afya kwa simu hapo Uswidi, uombe kupimwa sukari, na uwaambie waziwazi kwamba ulikuwa unakunywa uwatu, kwa sababu ukiandikiwa vidonge vya sukari au dawa za kuzuia damu kuganda, uwatu unaweza kuingiliana navyo. Ikiwa harufu itabaki hata baada ya kuuacha, au pumzi yako itaanza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na hasa ukiwa na kiu kali, kukojoa mara kwa mara au kichefuchefu, usingoje miadi, nenda hospitali siku hiyohiyo.